Nimenakili diski tupu juu ya sauti ya baba

Jamani, leo nimefuta sauti ya baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa imejaa mpaka kuwaka ni dakika kumi. Nikanunua diski mpya kubwa ya SSD, nikajisemea nitahamisha kila kitu mwenyewe, hapa hapa nyumbani Kiboriloni. Fundi wa nini?

Programu ikaniuliza: nakili kutoka diski ipi, kwenda ipi?

Majina yanafanana. Nikabonyeza.

Ikamaliza haraka, nikafurahi (mjinga mimi!).

Nikawasha. Kioo cheusi. Nimenakili ile tupu juu ya ile iliyojaa.

Humo nilikuwa nimehifadhi saa sita za mzee akisimulia ukoo wetu kwa Kichagga. Nilimrekodi miaka mitatu iliyopita. Nakala nyingine sina, msiniulize.

Nikampigia simu mzee, yuko kwake Marangu.

"Shikamoo baba. Zile simulizi zako nimezifuta."

"Zote?"

"Zote."



"Njoo Jumamosi, tuanze upya. Ila mama wa babu yako, yule aliyetoka Kirua... jina lake limeshanitoka."

Nimejikasirikia mpaka chakula hakipiti.

Anayejua kurudisha vilivyofutwa, niandikie. Tafadhali.