Kuku wa Kuatamia Kutoka Busiu

Wiki ya tatu ya mvua nilikuwa na kuku sita uani na sikuwa na yai hata moja. Wanne walikuwa wameatamia. Wa tano alikuwa ameanza kutoa ile sauti ya kukoroma, manyoya yamemvimba, na nilijua kesho naye atakuwa amejibana ndani. Wa sita alikuwa tetea ambaye hajaanza kutaga. Nilisimama kwenye mlango wa banda na ndoo mkononi nikiwatazama, na hasira niliyokuwa nayo haikumfaa mtu wa umri wangu kuwa nayo juu ya ndege.

Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia. Nilikuwa askari magereza maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa Mbale, na nilipovua sare nikahamia kwenye nyumba tuliyoijenga polepole huko Mpumudde, Jinja. Mke wangu ni mwalimu Nabuyonga, Mbale, na hakuwa tayari kuiacha kazi yake. Akawa anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu. Mama mkwe, anayekaa Busiu, aliposikia hivyo aliona si vizuri mwanamume kukaa kwenye nyumba isiyo na kitu kinachopumua. Akamtuma mke wangu aniulize ninataka nini. Nikasema ninataka kuku wazuri. Wiki mbili baadaye mke wangu akashuka kwenye boda boda na tenga lenye kuku sita wa kike na jogoo mmoja.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Mimi mtu wa kaskazini ilinibidi kujifunza hayo nilipooa, na kwa miaka yote ya ndoa yetu mama huyo nimemjua kwa sauti, kwa mgongo, na kwa ncha ya gauni lake la gomesi inayopotelea nyuma ya nyumba ninapofika. Yeye husema Lumasaba, mimi na mke wangu husema Kiswahili, lugha tuliyokutana nayo katika kambi ya magereza. Mama anakisikia Kiswahili vizuri lakini hakitumii. Kwake ni lugha ya watu waliokuja na bunduki. Kwa hiyo kila neno kati yetu hupitia kwa mke wangu. Na zawadi ya mama mkwe huwezi kuichinja wala kuiuza bila habari kufika Busiu kabla hujanawa mikono.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kuku walitaga kwa zamu kwenye masanduku niliyoyatengeneza mwenyewe, na kila Jumapili mke wangu alirudi Mbale na mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Walimu wenzake walikuwa wakiyasubiri. Nilifurahi kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Halafu yule mwenye shingo isiyo na manyoya akaatamia. Nilimtoa nikayachukua mayai. Akarudi akakalia sanduku tupu. Nikaondoa majani, akakalia ubao. Nikaliziba sanduku kwa bati, akaenda kukalia kitunguu kilichodondoka karibu na jiko la mkaa, amekikunjia mbawa na kuninyooshea mdomo. Mkono wangu wa kulia ulijaa alama za kudonolewa. Baada ya siku kumi mwenzake mweusi akamfuata, kisha yule wa madoadoa, na asubuhi moja nikawakuta wawili wamepandana katika sanduku moja, mayai matatu yamepasuka chini yao na kugandia kwenye manyoya.

Nilimpigia mke wangu.

"Mwambie mama kuku wake wamegoma," nilisema. "Mwulize afanyaje mtu anayetaka mayai, si vifaranga."

"Nitamwambia."

Kesho yake akanipigia. "Mama anasema waache walalie mayai. Ni vizuri."

"Ulimwambia ninataka mayai?"

"Nilimwambia wameatamia."

"Hilo silo nililokutuma."

"Mzee, mimi siwezi kumwambia mama yangu kwamba zawadi yake inakusumbua."

Ijumaa hiyo nilifanya jambo la aibu. Nilinunua mayai dukani, nikayapanga ndani ya bakuli mezani kana kwamba yametoka uani. Jumamosi asubuhi mke wangu alipasua moja kikaangoni. Kiini kilikuwa kimepauka kama ukurasa wa daftari. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Haya si ya kuku wa mama," alisema, na akaendelea kukaanga.

Upande wa pili wa ua anakaa Hajati, mama wa Kinubi aliyefuga kuku tangu utoto wake. Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Ndiye aliyeniambia dawa.

"Afande, kuku huyo tumbo lake lina moto. Mchovye kwenye maji, tumbo tu, lipoe. Mara moja, na jua liwe kali. Halafu mweke mahali penye mwanga pasipo na kiota."

Nilisikia sehemu ya maji. Zile nyingine nilizisikia nusu. Nikaanza siku hiyohiyo, kwa kuku wote wanne, asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa na kreti ya waya niliyoiinua juu ya matofali, na kila niliyemchovya nilimfungia humo. Wote walitoka humo na kurudi moja kwa moja sandukuni, manyoya yakiwa bado yamelowa. Niliapa kwamba nitashinda. Mvua ilikuwa ikinyesha karibu kila siku, jua halionekani, nami sikuacha. Nilijiambia kwamba mimi nimesimamia watu wagumu kuliko hawa. Leo nikiyakumbuka maneno hayo, sipendi kuyasikia.

Mwenye shingo isiyo na manyoya alikuwa mkaidi kuliko wote, kwa hiyo nilimwacha kwenye kreti siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu nilimkuta amelala ubavu, jicho moja wazi. Nilipomwinua alikuwa mwepesi mno. Kifua chake kilikuwa mfupa mtupu. Kuku anayeatamia hula kidogo sana. Nilikuwa nimeona majuma yale yote kwamba hagusi mahindi, na nilichukulia kuwa ni kiburi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiwa nimemshika. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bati la paa na kudondoka kwenye kreti ile, mahali palepale alipokuwa. Sikuwa nimeliona hilo pia.

Hajati alisimama kwenye ua, akaona.

"Nilikwambia mara moja, Afande. Na jua liwepo."

"Ni kweli, Hajati. Uliniambia."

Akarudi kwake. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenigombeza.

Nilimzika kuku yule nyuma ya migomba. Kisha nikampigia mke wangu, nikamwambia Jumamosi asije Jinja. Mimi nitakwenda Busiu, naye anikute huko. Aliuliza kwa nini. Nilimweleza.

"Acha, mzee," alisema. "Nitamwambia mama ni ugonjwa tu."

"Hapana," nilisema. "Safari hii nitasema mwenyewe."

Busiu nilikaribishwa sebuleni, mama mkwe akiwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua. Mke wangu aliketi kwenye kigoda karibu na pazia, mahali anapoketi siku zote. Nilisalimu. Salamu zikarudi kwa Lumasaba. Nikasema moja kwa moja: nimemwua kuku mmoja. Si ugonjwa. Nilimlowesha kwenye mvua na kumfungia nje mpaka akafa, kwa sababu alikataa kuacha kuatamia.

Mke wangu alianza kutafsiri kwa sauti ya chini. Niliona anatafuta maneno laini. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kiswahili.

"Acha. Mimi nasikia."

Mke wangu akaligeukia pazia. Mimi nilisahau nilichotaka kusema baadaye.

"Afande," sauti ikasema, "wewe nilipatia kuku ya kulalia. Mimi nilichagua. Kuku yangu iko mingi, nilichagua ile inalalia vizuri, ile inalea mtoto vizuri. Wewe si ulisema unataka nzuri?"

"Nilisema hivyo, mama."

"Sasa kwa nini unaua yeye juu ya kulalia?"

"Nilitaka mayai, mama."

"Mayai!" Nilisikia kiti kikilia. "Mayai iko kwa duka. Nani anapatia mkwe kuku ya mayai? Na huyu binti anasema vifaranga iko, iko mingi, inakua. Kila wiki nauliza, kila wiki anasema inakua."

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja ncha ya kitenge chake. Hapo nilielewa kwamba kwa miezi yote hiyo malalamiko yangu hayakuwahi kufika Busiu, na maswali ya Busiu hayakuwahi kufika Mpumudde. Kila mmoja wetu alikuwa akipelekewa habari njema. Nilikasirika, halafu nikakumbuka yale mayai ya dukani kwenye bakuli.

Mama akaanza kunifundisha, polepole, kwa Kiswahili chake, bila kupitia kwa mtu yeyote. Nisiwaatamishe wote. Nichague wawili, niwape mayai siku moja. Wale wengine niwaweke kwenye kreti ya waya, lakini palipo pakavu na penye mwanga, niwalishe washibe, na siku ya nne wengi watakuwa wamesahau. Vifaranga wakitoka, wote niwape mama mmoja, giza likianza kuingia ili asihesabu. Yule mwingine nimfungie kwenye kreti, atarudi kutaga.

"Na maji?" niliuliza.

"Maji ni ya kunywa," alisema.

Nilirudi Mpumudde Jumapili. Hajati alinipa mayai ishirini yaliyorutubishwa na jogoo wake, kwa kuwa kuku wangu hawakuwa wakitaga, na hakuniuliza zaidi. Niliwaatamisha mweusi na wa madoadoa. Wawili wengine waliokuwa wameatamia niliwaweka kwenye kreti chini ya paa la baraza, nikawapa mahindi yaliyopasuliwa na dagaa, nikawaacha. Siku ya nne niliwafungua. Mmoja akaenda kuparua udongo kama kuku wengine, na wiki mbili baadaye akataga. Yai lile nilisimama nalo mkononi kwa muda. Mwenzake alihitaji siku saba.

Vifaranga kumi na watano walitoka. Nikawahamishia wote kwa mweusi jioni, chini ya mbawa, mmoja baada ya mwingine, na hakulalamika. Asubuhi alitoka nao uani akiwaita kwenye punje. Nikadhani kazi imekwisha. Wa madoadoa nikamfungia kwenye kreti kama nilivyoelekezwa. Siku nne. Nikamfungua, akatembea uani, akanywa maji, akapita mbele ya vifaranga aliowaangua mwenyewe bila hata kuwatazama, akaingia sandukuni na kukalia ubao mtupu. Nikamrudisha siku tano nyingine. Akarudi ubaoni. Nikamfungia siku nane. Alipotoka alikwenda kukalia kandambili yangu.

Nilimpigia mke wangu nikiwa nimeshindwa kabisa, nikamwambia amwulize mama, na awasilishe kila neno kama nilivyolisema, pamoja na ile kandambili. Jioni akanipigia. Nilimsikia anajizuia kucheka.

"Nimemwambia kila neno," alisema. "Mama anasema, yule wa madoadoa hata yeye mwenyewe alishindwa naye. Ndiyo sababu alimtia kwenye tenga la kukuletea."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha nikaweka simu chini, nikaenda kumtoa kuku kwenye sanduku kwa mara ya nne siku hiyo.