Walivyoupima Msitu wa Chanika

Mie shule niliishia darasa la pili, na nyumba ninayoishi nimeijenga kwa mikono yangu. Lakini hesabu iliyotumaliza naijua, maana kamba yake niliivuta mwenyewe.

Enzi za Mwingereza, baba alikuwa mchoma mkaa Chanika. Akaja bwana miti, Mzungu, na karani wake, kijana wa bara, kuhesabu miti. Nikapata kibarua cha kuvuta kamba ya vipimo. Karani akatueleza kwamba hawatahesabu mti mmoja mmoja. Wamechagua vipande kwenye ramani bila upendeleo. Watahesabu humo, kisha wakadirie msitu mzima.

"Mpishi haonji sufuria nzima," alisema.

Baba akamnong'oneza jumbe wetu, "Basi tumwonjeshe penye nyama."

Hofu yao ilikuwa moja: msitu ukionekana umeisha utafungwa, na sie tutakula nini? Kwa hiyo kila kipande kilipoangukia penye visiki na majivu ya matanuri, baba alivua kofia, akasema hapo pana mizimu, hapakanyagwi. Mzungu yule alikuwa na adabu zake. Akasogeza kamba kwenye miti minene.

"Mzee, mbona mizimu yenu yote inakaa palipoungua?" karani aliuliza.

"Inasikia baridi, bwana karani."

Jumbe alicheka mpaka akakaa chini.

Msitu ukaandikwa umejaa. Kumbe msitu uliojaa haufungwi, unauzwa. Mwenye kiwanda cha mbao akapewa leseni ya kukata kwa kadiri ya hesabu ile, na askari wa kutuzuia sie tusiguse hata tawi. Miti ya kutosha kiasi hicho haikuwapo, basi watu wake wakakata mpaka miti michanga.

Baba alimfuata karani ofisini, nami nikiwa nyuma yake.

"Bwana karani, ile mizimu tuliitunga."

"Mzee wangu, siku ile uliwavulia kofia mababu zako. Leo nimwamini mzee yupi, yule au huyu?"

"Huyu mwenye njaa."

"Mwenye njaa husema lolote," alijibu, akarudi kwenye makaratasi yake.

Tukahamia Temeke. Baba akaponda kokoto za barabara hadi kifua kikamuua. Watu husema Mzungu alitupora msitu. Alitupora mengi, sikatai. Huo tulimkabidhi wenyewe. Na mama, mke wa mchoma mkaa, akawa ananunua mkaa kwa kopo.