Jambia la Hilali

Jana nilipita mlangoni kwa jirani nikawakuta wanasugua fedha ya jambia kwa ndimu na majivu, maana kijana wao anaoa. Nikarudi ndani nikakaa. Mtanisamehe kwa huzuni nitakayowaletea, lakini nayo ilianzia kwenye arusi.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Ibra, Omani. Kaka yangu Hilali, aliyefanya kazi Maskati, alikuwa ameposa, na baba akaapa kwamba mwanawe hatavaa kiunoni siku ile jambia lililopigwa kwa mashine. Lazima liwe kazi ya mkono, na lazima yeye alilinganishe na mengine kwanza. Mama alisema hata mchumba hakuchunguzwa hivyo.

Basi kila Ijumaa tukitoka, baba na mimi, kwenda kuangalia. Sonara wa Nizwa alitengeneza majambia mazito, yenye mpini mpana wa pembe, na ala iliyojaa nyuzi za fedha zilizosukwa hata ukipitisha kidole unahisi kama unagusa ukili wa mkeka. Ya Mzee Mbarak wa Sur yalikuwa madogo na mepesi, mpini wa sandali, fedha kidogo, na ukilichomoa moja lilitoka kimya kabisa. Baba alipenda nakshi za Nizwa na wepesi wa Sur. Hakuweza kuamua.

Madukani alisema Kiarabu na mafundi, na kasoro za kazi akanambia mimi kwa Kiswahili, lugha tuliyotoka nayo Unguja, ili wenyewe wasifahamu. Siku ya kwanza Sur akaninong'oneza, "Mpini huu kama mguu wa kuku."

Mzee Mbarak hakuinua uso. "Kuku wa Unguja au wa huku?" akauliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu.

Baba aliona haya, kisha wakacheka wote wawili, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Hilali alikuja nasi mara moja tu. Akafungwa mshipi wenye jambia, akasimama wima kama askari. "Zuwena, nimependeza?" Nikamwambia tumbo limetokeza.

Arusi ilikuwa imekaribia. Hilali alikuwa njiani kurudi nyumbani, wakati wa magharibi, ngamia akakatisha barabara mbele ya gari lake. Waliomleta walimleta ameshafunikwa. Nakumbuka viatu vingi mlangoni, harufu ya kahawa, na Yasini ikisomwa upande wa wanaume, ambako sisi hatukuingia.

Matanga yalipokwisha, baba alichukua ufunguo wa gari. "Zuwena, twende." Nilidhani tunakwenda makaburini. Tukaenda Nizwa. Sonara, ambaye hakuwa na habari, aliuliza arusi lini.

"Karibuni, inshallah," akajibu baba.

Njia nzima ya kurudi niliitazama milima, naogopa kumwuliza. Nilidhani ama akili zimemruka ama anasema uongo, na baba yangu hakuwa mwongo.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Sur. "Nimekuja kuliangalia tena la bwana arusi," alisema.

Mzee Mbarak alinitazama mimi, kisha akatandika kitambaa, akayapanga majambia yake moja moja. "Angalia kwa nafasi yako, ndugu yangu."

Baba akachomoa, akapima uzito kiganjani, akasema la Nizwa linashinda hapa, hili linashinda pale. Tukaenda tena, na tena. Mzee Mbarak hakuuliza siku ya arusi wala hakutaja bei. Alijibu kila swali la baba kama mnunuzi mwengine yeyote: fedha hii inachakaa vipi, sandali hii itapasuka au haitapasuka. Nikamwonea huruma, mzee wa watu, anapotezewa wakati wake.

Hata siku moja baba akalishika moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hili lingemfaa," alisema.

Lingemfaa. Nadhani alijisikia mwenyewe alivyolitamka. Mzee Mbarak akalipokea jambia kabla halijaanguka, akalirudisha alani, akazunguka meza akakaa ubavuni pake. Baba alilia kwa sauti, kama mtoto, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko. Mimi nikatoka nje nikasimama juani, maana sikujua pa kuyapeleka macho yangu.

Hatukwenda tena kuangalia majambia, si Sur wala Nizwa. Baba alizeeka upesi baada ya hapo.

Miaka mingi ilipita. Baba mwenyewe ameshafariki, nikamsimulia mama namna tulivyomdanganya Mzee Mbarak, naye asijue kwamba bwana arusi hayupo.

Mama alishangaa. "Asijue? Yeye ndiye aliyeingia kaburini na babaako kumpokea Hilali. Siku zote za matanga alilala hapa kwetu, upande wa wanaume."

"Sasa mbona hakumwambia kitu?"

"Angemwambia kipi," alisema mama, "ambacho babaako alikuwa hakijui?"

Ijumaa zote zile nilisimama katika duka lile nikidhani kwamba mimi peke yangu, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyeibeba siri. Kumbe sote watatu tulijua. Ila mmoja wetu alikuwa bado hajaweza kuamini, na Mzee Mbarak alikuwa amekubali kumngoja.