Hina kwa Nyayo Zilizokimbia Peku

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, miguu yangu ikiwa mapajani mwa Bi. Kidawa, na moyo unanienda mbio kuliko nilivyopata kukimbia mimi mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku chache niolewe. Bi. Kidawa ndiye aliyekuwa somo yangu, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kunifunza mambo ya unyumba na kunitengeneza niwe bibi harusi. Hina ilikuwa tayari bakulini, imekandwa kwa ndimu. Akainua unyayo wangu wa kulia, akautazama, akauweka chini. Akainua wa kushoto. Kisha akaniuliza, "Mwari, hii miguu ya bibi harusi au ya mchukuzi wa bandarini?"

Nakupa habari hii kwa sababu juzi nilikupita pale uwanjani Maisara. Ulikuwa umevua raba, umezining'iniza shingoni kwa kamba zake, unakimbia peku na uso umekunjuka. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Nikasema huyu lazima nimwambie kabla hajafika nilikofika miye.

Mimi nilianza kukimbia mwaka aliofariki mama yangu. Sikukimbia ili nimshinde mtu. Nilikuwa nikishasali alfajiri navaa suruali ndani ya gauni langu la dira, nafunga mtandio wangu vizuri, natoka Mji Mkongwe mpaka Maisara na kurudi. Nyumbani watu walinipa pole mpaka nikahisi nakosa hewa. Barabarani nilikuwa napumua. Basi ukimwona mtu ameshikilia jambo lake dogo, usimcheke. Hujui nalo linamshikilia wapi.

Mara magoti yakaanza kuniuma. Nilinunua raba za kila namna, nyingine soli yake nene kama kipande cha mkate wa kumimina, na maumivu yakazidi. Daktari akaniambia nipumzike, na nisipopata nafuu niache kabisa kukimbia. Siku ile nililia kama niliyefiwa mara ya pili.

Nikaenda pwani ya Uroa kwa shangazi yangu kupoza moyo. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mbichi umetandaa mpaka mbali. Nikavua raba nisizirowanishe, nikaanza kutembea, na bila ya kukusudia nikajikuta nakimbia. Hatua zilikuwa fupi, kisigino hakigongi chini, na magoti kimya! Nilifika kwenye mashamba ya mwani nikarudi huku nacheka, na wanawake waliokuwa wakifunga mwani wakanicheka na wao. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani nimepoteza jambo, kumbe lilikuwa linanisubiri nivue viatu.

Shangazi aliniambia, "Furaha nzuri, lakini kidogo kidogo. Miguu yako imelelewa viatuni." Nikaitikia ndiyo. Ndiyo ya mdomoni, ile mnayotupa nyinyi mkiwa na simu mkononi.

Niliporudi mjini nikakimbia peku siku ya kwanza njia yangu yote, lami na mawe, kwenda na kurudi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, Mungu ni mwema, lakini vigimbi vilikaza hata ngazi za nyumbani nikashuka kwa makalio. Nyayo zikajaa malengelenge, na yalipopasuka na kukauka yakaacha magaga ya kukwaruza shuka. Nikawa navaa soksi ndani ya nyumba. Wakiniuliza, nasema nahisi baridi. Baridi Unguja, tena wakati wa kaskazi!

Na kulikuwa na kubwa zaidi ya magaga. Haji, mchumba wangu, alikuwa hajui kabisa kama mimi hukimbia. Nilichelea atanikataza, na mtu akinikataza kukimbia amenirudisha kwenye chumba kile cha msiba. Nikajiambia ndoa ikishafungwa nitaona mbele kwa mbele.

Hayo yote nilimweleza Bi. Kidawa alasiri ile. Alinisikiliza huku anakoroga hina.

"Kukimbia si kosa," akasema. "Lakini huu mwili umeutia kazini siku moja, ukataka ukuitikie naam. Na huyo Haji wa watu unampelekea mke nusu, nusu ya pili umeificha ndani ya soksi. Kesho akikukataza utamlaumu kwa lipi, naye hukumwambia?"

Akanipaka hina nyayo zote, nene, si ya mapambo bali ya dawa, maana hina hupoza ngozi na kutibu magaga. Akanifunga vitambaa. Kisha akafungua pindo la kanga yake akatoa simu yangu. Mwari anapowekwa ndani hasemi na bwana harusi mpaka siku ya ndoa, na simu ile alikuwa ameninyang'anya yeye mwenyewe siku ya kwanza.

"Mpigie."

"Bi. Kidawa, mwiko huo!"

"Mwiko naujua miye, nshaufunza mji mzima. Mpigie."

Laiti ningekuwa na pa kukimbilia. Lakini mwenye hina mbichi nyayoni hakimbii, mwanangu, hata awe hodari vipi. Nikampigia.

Nikamwambia yote, mama, magoti, Uroa, na kwamba nataka kuendelea. Haji akauliza, "Peku? Kwenye vichochoro hivi vya kwetu?" Nikasema naam. "Na ukirudi, miguu utanawia wapi?"

Nikajua ndiyo kukataa kwenyewe, kwa adabu. Simu ilipokatika nikalia, na Bi. Kidawa akanifuta machozi kwa pindo lile lile la kanga. Akaniambia, "Sasa hata akikataa, amekataa anachokijua."

Tukaoana. Fungate ilipokwisha nikajikaza, nikatoka baada ya alfajiri. Safari hii nilisikia la mkuu. Bi. Kidawa alikuwa ameniaga kwa neno moja: "Hina ya mara moja hufutika. Inayokaa ni ile iliyopakwa juu ya nyengine." Basi nikateremka pwani, nikakimbia kidogo tu kwenye mchanga mbichi, nikarudi natembea. Naingia kichochoroni kwetu, nikaona kizingitini ndoo ya maji, kopo juu yake, na kitambaa kimekunjwa. Haji alikuwa ndani anapiga kikohozi cha mtu anayejifanya hana habari. Nilikaa pale mlangoni nikanawa miguu na nikalia tena, mara hii kwa furaha.

Nimekimbia peku mpaka leo. Miezi ilipita kabla sijaigusa lami, nikiongeza kila siku kijisehemu, na unyayo ukanisikiliza kwa sababu nami niliusikiliza. Magoti hayajaniuma tena. Bi. Kidawa ameshatangulia mbele ya haki, na kila nikiuona unyayo wangu namuombea rehema, kwani angeweza kunifokea na kunisitiri tu, harusi ipite.

Haji naye sasa ni mzee. Magoti yanayouma ni yake, anashuka ngazi kashika ukuta, ndoo mkono wa pili. Namwambia, "Bwana we, acha, ntachota mwenyewe." Hunijibu lile lile la simuni: "Na miguu utanawia wapi?"

Mwanangu, vua raba zako, sikukatazi. Lakini upe mguu muda wa kujifunza ulichousahaulisha miaka yote hiyo, na ukiona raha ya siku ya kwanza usiimalize siku hiyo hiyo. Na unachokipenda mwambie utakayeishi naye mapema, japo sauti itetemeke, kwani huwezi kumshukuru mtu kwa ruhusa ambayo hukumwomba.

Mungu azilinde nyayo zako na mwiba na kigae, akufikishe uendako na akurudishe kwa salama. Na kila urudipo umechoka, akujaalie ukute ndoo ya maji mlangoni, na mtu ndani anakohoa.