Nyani amenirudishia leso yangu

Nyani ana adabu kuliko wifi yangu. Nimesema, na siombi radhi.

Tumekuja kulala kwenye vibanda vya mbao huku msitu wa Shimba, ukoo mzima wa mume wangu.

Jana dada yake kachukua kibanda kizuri chenye baraza. Mimi na watoto tukatupwa kile cha nyuma, karibu na choo.

Asubuhi mlinzi akanipa fimbo, akatuonya: "Chakula msiweke ndani, nyani wataingia."

Wifi akabeba bakuli zima la mahamri niliyopika mimi, akalifungia kwake. "Mimi mtu wa Kwale, nyani atanifanya nini?"

Nikajimiminia chai, nikatoka nje.

Akaenda kuoga. Basi si nyani akapita dirishani! Mimi nipo zangu nje, nanywa chai bila kitafunio.

Mahamri yakaisha. Nyani akaingia kwenye begi la wifi. Nguo moja moja anazitupa nje, na mara...

LESO YANGU YA HARUSI, jamani! Ile wifi aliyoapa mbele ya mama mkwe kwamba hajaiona, labda imepeperuka kambani. Ya pili yake ninayo kabatini, nimekaa na nusu doti mwaka mzima!

Wifi katoka bafuni mbio, povu masikioni: "Mfukuze! Si una fimbo?"

Nikamwuliza, "Hii leso ya nani?"

Akaanza kujifuta povu.

Mume wangu anasema nisamehe, yaishe. Nitasamehe.

Lakini nyani bado yumo ndani, begi lina mfuko wa pili, na fimbo ninayo mimi.

Niambieni, nina haraka gani?