Shikamoo Iliyochelewa

Nyumbani kwao walimwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Tangu utotoni alikuwa na mdomo usiojua likizo. Dada yake mkubwa akimtuma dukani, alisimama na kila aliyekutana naye njiani, akaulizia watoto, akaulizia mguu ulioteguka, akaulizia paa linalovuja, na chumvi ikafika watu wameshakula. Leo ukimwambia dada huyo kwamba Redio anaweza kumaliza wiki nzima bila mazungumzo na mtu, atakucheka usoni.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Redio alikuwa mpiga pasi wa hoteli kubwa huko ugenini, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo dirisha, mashine za mvuke zikifoka kutwa. Miezi ya kwanza aliwasalimia watu wa huko kwa lugha yao aliyoiokoteza: kwenye lifti, kwenye ngazi, kituoni. Walimtazama kama mtu anayetaka kuwauzia kitu. Mwanamke mmoja alihamishia mkoba bega la pili. Basi naye akajifunza. Akawa akiingia mahali anatazama ukuta kama wenzake, na maneno yake yote akayapeleka kwa mashati. "Wewe kola yako ina kiburi," aliliambia shati la mgeni wa ghorofa ya juu, "ngoja nikunyooshe." Mashati ni wasikilizaji wazuri, ila hayajibu.

Siku moja hoteli ikamhamishia tawi lake la mji mwingine, safari ya usiku mzima kwa treni. Alipofungua mlango wa chumba chake behewani, alimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kitanda cha chini, kajizungushia koti zito na skafu hadi masikioni. Kitanda cha juu yake mwanamume mnene alikuwa ameshaanza kukoroma. Redio akafanya kama alivyozoea. Alipachika begi lake, akavua viatu, akakaa kitanda cha upande wa pili na kutazama ukuta.

Treni haijachanganya mwendo, simu ya yule mama ikalia.

"Ee, mdogo wangu," mama akasema. "Nimeshapanda. Hamjambo nyote?"

Redio moyo ukampiga paa. Kiswahili! Tena si kile cha simu kinachokatika katikati ya sentensi, bali cha mtu aliye mbele yake, karibu hata wangeweza kushikana mikono. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, maana aliona alichokifanya. Ameingia alipo mtu wa rika la mama yake, amekaa, amevua na viatu, bila shikamoo. Shikamoo inatolewa mlangoni. Ukishabaki na soksi unaanzia wapi?

Wakati bado anatafuta pa kuanzia, mama akaendelea: "Niko na mtu anakoroma hapa, na kijana mmoja kanuna huyo, utadhani nimekalia kitanda chake. Hata kichwa hakutikisa. Aa, wewe ongea tu, hawa hawaelewi kitu."

Basi akaongea. Mwanawe na mkwewe walikuwa wamemwita aje amlee mjukuu. Wao wanatoka asubuhi na kurudi giza limeingia, wamechoka, kila mtu na simu yake. Mjukuu hajui neno hata moja la bibi yake. Akimwimbia, mtoto anaziba masikio. "Nimewadanganya goti linaniuma, narudi kutibiwa," mama alisema. "Goti langu zima. Ni kile kimya, mdogo wangu. Kile kimya kingeniua. Lakini usimwambie mtu, mwanangu asije akajua."

Sasa mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Kabla ya hapo Redio angeonekana hana adabu tu. Akifungua mdomo sasa, ataonekana mtu aliyekaa kimya makusudi ili asikie siri za watu. Alijilaza, akavuta blanketi hadi puani. Alitamani kumwambia kwamba kimya hicho yeye anakijua vizuri, wanaishi nyumba moja. Dakika zilivyopita neno lenyewe likazidi kuwa zito, na mtu aliyezaliwa na mdomo kama wake akawa analala nalo kooni.

Taa zilipopunguzwa, yule mnene akakohoa na ukoromaji ukakatika ghafla.

"Afadhali," mama akajisemea gizani. "Mafuta yameisha."

Kabla hajageuka upande, mngurumo ukaanza upya, mkubwa kuliko mwanzo.

"Loo! Kumbe ana dumu la akiba."

Redio kicheko kikamtoka. Kilitoka chenyewe, kicheko cha nyumbani, cha mtu aliyeelewa kila kitu. Mama akainua kichwa na kumtazama. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema, na hata mtoto mdogo angepaona. Redio, woga ulivyomjaa, akajifanya anakohoa. Mama alimtazama kidogo zaidi, kisha akavuta skafu na kugeukia ukutani. Simu ilipolia tena hakupokea.

Asubuhi treni ikasimama kituo cha uwanja wa ndege. Mama alikuwa akihangaika na sanduku lake, na Redio akalichukua mikononi mwake bila kuomba, akashuka nalo, akaliweka chini taratibu. Wakasimama wanatazamana. Macho ya mama yalikuwa mekundu, hayakuwa yamelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu papo hapo, maana hiyo haiachwi ikaning'inia. Kisha akamuuliza, "Usiku kucha, mwanangu?"

Redio alikuwa na maneno ya mwaka mzima. Alikuwa na mashati, na lifti, na ule mkoba uliohamishwa bega. Lililotoka lilikuwa dogo.

"Niliona aibu, mama. Nilikosa pa kuanzia."

Kondakta akapiga filimbi. Mama akamsukuma begani kuelekea mlangoni, kama mama yeyote anavyomsukuma mwanawe asiachwe, na mkono wake ukachelewa kidogo kutoka.

"Si tungeongea tu," akasema.