Joto la Maji Kule Sio Port

Ukiiuliza simu joto la maji ya kuogelea, itakujibu kuhusu Mombasa. Itakupa Malindi na Diani pia, mwezi kwa mwezi, na urefu wa mawimbi juu yake. Kuhusu Sio Port, ufuo wetu wa ziwa huku Busia, haina neno. Nilipoiuliza nikiwa Sio Port penyewe ilishika mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Uganda. Nikaizima.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yangu alianguka akivuka mtaro pale Burumba, mtaa wa mjini tunakoishi, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu ukagoma. Mtaalamu wa mazoezi akatuambia tumtembeze ndani ya maji ya vuguvugu yanayofika kifuani, la sivyo kiungo kitakakamaa na atabaki kuwa mtu wa kiti. Mjini kuna bwawa la hoteli. Mama alilitazama mara moja tu, akasema hawezi kuoga na wanaume asiowajua. Ataingia ziwani, tena upande wa wanawake wa Sio Port, alikooga akiwa msichana.

Mimi, binti yake, ni mtu wa vipimo. Nafuga kuku, na kifaranga hawezi kuishi kwa joto la kukisia. Nilichomoa kipimajoto cha bandani, nikakiosha kwa sabuni, nikakitia mkobani. Kwetu Burumba watoto huogeshwa kwa maji yaliyoanikwa juani kwenye beseni, nami nikaona ziwa ni beseni kubwa tu. Sikumwuliza mama saa ya kuoga. Nilikodi gari la jirani, tukafika saa nane mchana, jua likiwa kali.

Maji yalikuwa na joto zuri, kipimajoto hakikunidanganya. Lakini upepo wa mchana ulikuwa umeshaamka, mawimbi yalikuja moja juu ya jingine, na magugu maji yalikuwa yamesukumwa mpaka ufuo wote ukaonekana kama shamba la mboga.

"Nani alikuambia watu wanaoga saa hii?" mama aliuliza, akiwa bado garini.

"Si wewe ndio ulinizaa Burumba, mbali na ziwa?"

Alicheka. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tukarudi nyumbani hatujalowa.

Safari ya pili saa aliichagua yeye. Tulifika jua likichomoza. Kabla ya kona ya matete, mahali njia ya wanawake inapojitenga na ya wanaume, alinisimamisha akapaza sauti kuuliza kama kuna watu. Ndivyo desturi ilivyo. Ukitokea kimya utafukuzwa kwa matusi. Wanawake wawili waliokuwa wakiosha sufuria walituitikia.

"Karibuni, mama. Kiboko alipita jana, lakini ameenda mbali."

Kuhusu kichocho sikuuliza. Kipo, na dawa yake tungeimeza.

Hewa ilikuwa na baridi, maji yakawa na joto kuliko hewa. Ziwa lilitulia. Nilimshika mama chini ya kwapa, tukaingia polepole: magoti, kiuno, kifua. Hapo aliniachilia. Nilidhani ameteleza. Kumbe alikuwa anaogelea, anatoka kuelekea kwenye kina, na mguu ule ule uliogoma ulikuwa unapiga maji sawa na mwenzake.

Mimi sijui kuogelea. Nilisimama na kipimajoto changu mkononi, nikiwa na hofu kubwa, nikimwita arudi.

"Njoo wewe," alijibu bila kugeuka.

Alizunguka alipotaka, akarudi alipotaka. Nililia kidogo, na kwa kuwa uso ulikuwa umelowa sikuhitaji kujieleza. Lakini tulipofika maji ya magotini uzito wake ulimrudia wote. Mguu ukakunjika, akaketi pale pale majini.

"Nipe mkono, mama. Upepo utaanza."

"Wacha kwanza."

"Utapata baridi."

"Nikitoka hapa nitakuwa mgonjwa tena," alisema, akitazama ziwa. "Hebu nikae."

Nilikirudisha kipimajoto mkobani ufuoni. Kisha nikaingia tena, nikaketi kando yake na nguo zangu zote, tukakaa mpaka upepo ulipokuja.